Nukta ya Buluu: Kitabu Chenye Mwanzo Mwema Kuliko Mwisho Wake



Mwezi wa Februari 2025 habari moja ilipita katika redio na katika simu za watu, ikawatia wengi hofu. Wenye elimu ya nyota walisema: kuna jiwe angani, upana wake yapata meta 60, nalo laweza kuigonga dunia tarehe 22 Desemba 2032. Walilipa jina la 2024 YR4, kwa kuwa lilionwa mara ya kwanza tarehe 27 Desemba 2024, kwa darubini iliyoko katika nchi ya Chile. Kwa siku chache hesabu ya hatari ilipanda ikafika tatu kwa mia. Watu walisema mengi. Wengine walicheka. Wengine walitangaza mwisho wa dunia na kutaja tarehe yake. Kisha wataalamu wakapima tena njia ya jiwe lile, wakaona kwamba halitatugonga mwaka ule. Habari ikazimika kama moto wa majani makavu, na kila mtu akarudia kazi zake.

Lakini swali halikuzimika. Je, kweli mbingu zina hatari kwa dunia hii? Na kama hatari ipo, tufanye nini: tuilinde nyumba yetu, au tutafute nyumba nyingine? Leo matajiri wengine wajenga roketi na kusema kwamba wokovu wa watu u katika kuhamia sayari nyingine. Maneno yao si mapya. Sehemu kubwa yaonekana katika kitabu kimoja kilichotoka miaka thelathini na zaidi iliyopita, nacho kiliyasema kwa ufasaha kuwapita. Tumeona vema kukipima kitabu hicho mbele yenu: tuseme kilipofanya vizuri, na tuseme kilipopotoka.

MTU NA KITABU CHAKE

Kitabu chaitwa Pale Blue Dot, maana yake Nukta ya Buluu Iliyofifia. Kiliandikwa kwa Kiingereza, kikatoka Marekani mwaka 1994. Mwandishi ni Carl Sagan. Alizaliwa Brooklyn mwaka 1934, akawa mwalimu wa elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Cornell, akasaidia kazi ya vyombo vingi vilivyotumwa kwenye sayari. Alifariki Desemba 1996, miaka miwili tu baada ya kitabu hiki.

Sagan hakumsadiki Mungu kama sisi tumsadikivyo, wala hakulificha jambo hilo. Lakini alipenda kweli, akaitafuta kwa bidii, akawaeleza watu wadogo mambo ambayo wakubwa wa elimu hupenda kujiwekea wenyewe. Mtu wa namna hii yafaa asikilizwe kwa heshima. Lililo kweli tulipokee. Lisilo kweli tulikatae kwa kutoa sababu, si kwa matusi.

PICHA MOJA NA MAFUNDISHO YAKE

Jina la kitabu latoka katika picha. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha chombo kiitwacho Voyager 1, kipite karibu na sayari kubwa na kuzipiga picha. Kilipomaliza kazi hiyo kiliendelea kwenda mbele tu, kikiliacha jua nyuma yake. Sagan aliomba kwa miaka mingi kwamba kamera igeuzwe nyuma, ipige picha ya dunia yetu. Wenzake wengine hawakuona faida: dunia ingeonekana ndogo mno, na picha isingefundisha neno jipya la elimu. Yeye alishikilia. Tarehe 14 Februari 1990, chombo kikiwa mbali nasi yapata kilomita milioni elfu sita, picha ikapigwa.

Humo dunia ni chembe tu ndani ya mwali wa jua. Milima, bahari, miji na mataifa, vyote vimo katika alama ndogo kuliko ncha ya sindano. Ukiweka kidole chako juu ya picha, umewafunika watu wote waliokuwa hai siku ile, na makaburi ya wote waliowatangulia.

Mwandishi alitumia picha hii kukemea kiburi. Aliwauliza wakubwa wa vita: damu yote ile mliimwaga kwa ajili gani, kama si kutawala pembe ya chembe kwa siku chache? Tena alionya kwamba katika giza lile kubwa linalotuzunguka haonekani mtu wa nyota nyingine ajaye kutuokoa na makosa yetu. Basi yatupasa tupendane, na kuitunza chembe hii, kwani ndiyo nyumba pekee tuliyo nayo.

Kurasa hizi ni chache, nazo ndizo bora kuliko zote katika kitabu. Hazina neno gumu. Mtu aliyesoma darasa sita azielewa, na profesa hazidharau. Twasema bila kusitasita kwamba zingefaa kusomwa katika kila shule.

Hata hivyo mwandishi aliongeza neno moja ambalo hatuwezi kulipokea. Kwa kuwa dunia ni ndogo na haiko katikati ya vitu vyote, yeye aliona kwamba mtu naye hana cheo cha pekee katika ulimwengu. Hapa hesabu yake haikwenda sawa. Udogo wa mahali si udogo wa thamani. Mtoto mchanga ana kilo tatu, na mlima una uzito usiohesabika; lakini hakuna mama atakayekubali kubadilisha mtoto wake kwa mlima. Yeye aliyetunga Zaburi ya 8 alitazama mwezi na nyota, akajiona mdogo kabisa, na katika udogo ule ule akamshangaa Mungu anayemkumbuka mtu. Haukuhitajiwa kwanza mtambo wa Voyager ili waamini wajue kwamba wao ni wadogo.

Alikumbusha pia habari ya Galileo, aliyehukumiwa Roma mwaka 1633 kwa sababu ya kufundisha kwamba dunia yalizunguka jua. Hapa hatumpingi. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikiri mbele ya watu wote, tarehe 31 Oktoba 1992, kwamba waamuzi wa Galileo walikosa. Na ili msomaji asidhani kwamba ugomvi ule ungali ukiwaka, tukumbuke jambo hili: mwaka 2014 wataalamu wa sayari wa Marekani walimpa Bruda Guy Consolmagno, Myezuiti wa kituo cha nyota cha Vatikano, nishani yenye jina la Carl Sagan mwenyewe, kwa sababu ya ustadi wake wa kuwaeleza watu wote habari za sayari.

MAWE YA ANGANI

Sehemu ya pili tunayoisifu ni ile inayoeleza hatari zitokazo juu. Watu wengi hudhani mbingu ni tulivu. Sivyo. Kati ya sayari kuna mawe mengi mno yanayolizunguka jua, makubwa na madogo; wataalamu huyaita asteroidi. Kuna na nyota zenye mkia. Wakati mwingine njia zao hukutana na njia ya dunia.

Yapata miaka milioni 66 iliyopita jiwe lenye upana wa kilomita kama kumi lilianguka mahali ambapo leo ni Meksiko, pande za Chicxulub. Lilichimba shimo lenye upana wa kilomita 180 hivi. Vumbi na moshi vilifunika jua, baridi ikaingia, majani yakakauka, wanyama wakafa kwa njaa. Katika kila aina nne za viumbe, aina tatu hivi zilitoweka, na pamoja nazo wale wanyama wakubwa waitwao dinosauri. Jambo hili halikujulikana mpaka mwaka 1980, Luis Alvarez na mwanawe Walter pamoja na wenzao wawili walipoonyesha kwamba katika udongo wa wakati ule mna madini ya iridiamu kwa wingi usio wa kawaida, kama yale yaliyomo katika mawe ya angani.

Sagan aliyasema haya akiwa na ushahidi mbichi mkononi. Mwezi wa Julai 1994, kitabu kikiwa karibu kutoka, vipande vya nyota yenye mkia iitwayo Shoemaker-Levy 9 viliigonga sayari Mshtarii, ile ambayo Wazungu huiita Jupita. Vilifuatana kimoja baada ya kingine kwa muda wa juma moja, na mahali vilipopiga palionekana madoa meusi, mengine makubwa kama dunia yetu. Watu wa mataifa yote waliyaona kwa darubini.

Mambo yaliyotokea baadaye yameonyesha kwamba hakutia chumvi. Tarehe 15 Februari 2013 jiwe la meta 20 tu lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk katika Urusi. Watu yapata 1,500 waliumia, wengi kwa vioo vya madirisha. Hakuna aliyeliona kabla, kwa kuwa lilikuja kutoka upande wa jua. Katika nchi hiyo hiyo, tarehe 30 Juni 1908, jiwe kubwa zaidi lilikuwa limepasuka juu ya mwitu wa Tunguska, likaangusha miti katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Bahati ni kwamba pale palikuwa porini. Kama lingepasuka juu ya mji, tungekuwa tukisoma habari nyingine kabisa.

Kitabu kilipotoka, mawe yapitayo karibu na njia ya dunia yaliyojulikana yalikuwa mamia machache. Leo yamepita 35,000. Yale makubwa sana, yenye kilomita moja na zaidi, karibu yote yamekwisha kuonwa, wala hakuna hata moja linalotujia katika miaka mia hii. Lakini yale ya meta 140 na zaidi, ambayo kila moja laweza kuharibu nchi nzima, hayajaonwa hata nusu. Sagan alisema kazi ya kwanza ni kutafuta na kuhesabu. Alisema vema, na kazi ile bado haijaisha.

KINAMASI CHA CAMARINA

Sasa tufike kwenye sura ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye akili nyingi kuliko zote. Sagan alisimulia habari ya mji wa kale uitwao Camarina, katika kisiwa cha Sisilia. Karibu na mji palikuwa na kinamasi. Ugonjwa ukaingia, na wenyeji wakadhani watoka katika maji yale. Wakauliza shauri, wakaambiwa: msikikaushe kinamasi, ngojeni. Hawakusikia. Walikikausha, na ugonjwa ukaisha. Lakini kinamasi kile ndicho kilichokuwa ngome yao upande ule. Adui walipita juu ya ardhi kavu, wakaingia mjini na kuwaua.

Mfano huu ulikuwa wa nini? Watu walikuwa wakisema: tutengeneze mitambo ya kuyasukuma mawe ya angani, ili yasitupige. Shauri jema. Lakini Sagan, pamoja na mwenzake Steven Ostro, waliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mkono uwezao kulisukuma jiwe lipite kando waweza pia kulisukuma jiwe lililokuwa likipita kando, lije lipige. Jiwe ambalo lingetupita salama laweza kufanywa silaha kupita mabomu yote. Nani atashika mtambo huo? Serikali gani? Na akija mtawala mwenye wazimu? Mawe makubwa huja mara chache mno, labda mara moja katika miaka milioni mia. Bali watawala wenye wazimu huonekana katika kila kizazi.

Sisi wa Kongo tuna sababu ya kulielewa neno hili upesi. Urani iliyotiwa katika bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, katika Katanga. Waliolichimba jiwe lile hawakuambiwa linakwenda kufanya kazi gani. Nguvu ya atomu ingaliweza kuwasha taa. Kwanza iliwasha mji wa watu. Na Sagan naye alikuwa mmoja wa wale waliopima, mwaka 1983, kwamba moshi wa vita vya mabomu hayo waweza kuziba jua na kuleta baridi na njaa juu ya dunia yote, kama lile jiwe la zamani. Kwa hiyo alipoandika juu ya hatari ya mikono yetu wenyewe hakuwa akicheza na maneno.

Tangu wakati ule kazi imesonga mbele. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha Marekani kiitwacho DART kiligongwa kwa makusudi juu ya jiwe Dimorphos, lenye upana wa meta 160 hivi, mbali nasi yapata kilomita milioni 11. Jiwe hilo hulizunguka jiwe kubwa zaidi, kama mwezi uzungukavyo dunia. Kabla ya kugongwa lilimaliza mzunguko kwa saa 11 na dakika 55. Baada yake mzunguko ulipungua kwa dakika 32 hivi. Ndiyo mara ya kwanza watu kubadilisha mwendo wa kitu cha angani. Oktoba 2024 chombo kingine, Hera cha nchi za Ulaya, kilirushwa kwenda kulitazama jeraha lile kwa karibu.

Twafurahi kwamba kazi ile ilifanyika bila bomu, mbele ya macho ya watu wote, na juu ya jiwe lisilo na hatari kwetu. Hapo woga wa Sagan umepata nusu ya jibu. Nusu nyingine haimo katika mitambo. Imo katika kuaminiana kwa mataifa, na kitu hicho hakiundwi katika karakana.

MAHALI KITABU KINAPOPOTOKA

Kama Sagan angeishia hapo, tungekisifu kitabu chote. Lakini baada ya kutuonya aligeuka akawa kama mtu anayetangaza safari. Alisema: kwa kuwa mawe huanguka, kila kabila la wenye akili litakalotaka kudumu lazima lijifunze kukaa katika sayari nyingi, lisije likamalizwa mahali pamoja. Alikumbusha kwamba mababu zetu wote walikuwa wasafiri, wakihama toka bonde hata bonde, na kwamba tamaa ya kuhama imo katika damu yetu. Kisha akachora watu wa siku za mbali sana, waliotawanyika kati ya nyota, wakiitafuta mbinguni mwao ile nukta ya buluu walikotoka wazee wao.

Ni maneno matamu. Tena tuwe waaminifu: Sagan hakuwa na haraka. Alikiri kwamba kwa sasa hakuna mahali pengine tuwezapo kuhamia, na kwamba sababu nyingi zinazotolewa za kupeleka watu Mirihi, ile sayari iitwayo pia Marsi, hazina nguvu. Wanaolitumia wazo lake leo wamelitupa onyo hili, wakabaki na ndoto. Lakini ndoto yenyewe ina makosa matatu, na makosa hayo ni ya kitabu, si ya wafuasi tu.

Neno la kwanza: mfano wa mababu hausimami. Ni kweli, wazee wetu walihama. Walibeba mbegu, jembe na moto, wakavuka mito na misitu. Lakini walikokwenda walikuta mvua. Walikuta hewa ile ile, samaki mtoni, udongo unaopokea mbegu, na mara nyingi walikuta watu, wakaoana nao. Je, Mirihi kuna nini? Hewa yake haifiki hata sehemu moja katika mia ya hewa yetu, nayo karibu yote haivutiki na pafu la mtu. Baridi yake kwa wastani ni kama digrii 60 chini ya sifuri. Udongo wake una chumvi zenye sumu. Miale mikali ya jua na ya nyota hushuka bila kizuizi kikubwa. Safari ya kwenda tu ni miezi sita hata tisa. Huko si kuhama. Huko ni kuingia ndani ya chupa na kuishi humo daima.

Neno la pili: kimbilio ni baya kuliko hatari. Tulitazame tena jiwe la Chicxulub, baya kuliko yote tuliyoyataja. Baada ya jiwe lile dunia ilibaki na bahari zake, na hewa ya kuvuta, na wanyama wadogo waliojificha mashimoni wakaishi, wakazaa. Dunia katika mwaka wake mbaya kabisa ilikuwa nyumba njema kuliko Mirihi katika mwaka wake mwema. Basi mtu aogopaye jiwe, na afanye ghala na mahandaki hapa, na ajenge darubini; itamgharimu kidogo, na itawafaa wengi. Kweli, jua lenyewe litazeeka. Baada ya yapata miaka milioni elfu moja litakuwa kali hata bahari zikauke, na baada ya milioni elfu tano litafika mwisho wake. Lakini sisi ambao hatujamaliza kutengeneza barabara ya kutoka kijijini hadi sokoni, je, tupange leo kazi ya watu watakaoishi baada ya miaka milioni elfu? Na nyota iliyo karibu kuliko zote baada ya jua iko mbali hivi kwamba chombo chenye mwendo wa Voyager kingetumia zaidi ya miaka 70,000 kufikia umbali huo.

Neno la tatu ndilo zito zaidi, nalo lahusu neno dogo: «sisi». Katika kurasa za kwanza Sagan akisema «sisi», ni watu wote: mfalme na mkulima, waliokufa na walio hai, wote juu ya chembe moja. Katika kurasa za mwisho asema «sisi tutakwenda». Sisi gani? Waliotembea juu ya mwezi kati ya 1969 na 1972 ni watu 12 tu, wote wa taifa moja, nao walikuwa wamebeba jasho la maelfu na kodi ya mamilioni. Safina itakayojengwa kwa mtindo huu itakuwa na viti vichache. Nani atakaa humo, na nani atabaki akitazama moshi wake? Juu ya swali hili mwandishi, aliyekuwa mwepesi wa kuuliza, hakukaa. Alipita mbio.

Hatusemi haya kwa wivu. Nchi yetu ilipata kuona kivuli cha jambo hili. Mwaka 1976 serikali ya Zaire iliipa kampuni moja ya Ujerumani ya Magharibi eneo la Shaba lenye ukubwa wa kilomita za mraba yapata 100,000, ili irushe roketi kutoka huko. Roketi tatu zilirushwa mwaka 1977 na 1978, pande za mto Luvua. Ya tatu ilianguka, Rais Mobutu mwenyewe akiwa anatazama. Mwaka 1979 kazi ikasimama. Ule ulikuwa mkataba wa wakubwa. Mkulima wa Luvua hakutia sahihi yake. Hivyo njia ya kwenda mbinguni kwa roketi huanza katika shamba la mtu fulani. Kitabu chenye kusema juu ya wakati ujao wa watu wote kingepaswa kumwuliza mtu huyo neno lake.

Na hapa ndipo kitabu kinapojipinga chenyewe. Picha ya nukta yafundisha: nyumba ni moja, itunzeni. Sura za mwisho zanong'ona: nyumba ni ya muda, jiandaeni kutoka. Mpangaji ajuaye kwamba atahama hapaki rangi ukuta wala hatengenezi paa. Sagan mwenyewe hakuwa mpangaji wa namna hiyo. Mpaka kufa kwake alipigana na mabomu na uchafuzi wa hewa. Lakini mlango alioufungua, wengine wameuingia wakiwa na nia nyingine.

Mtu wa imani asije akacheka upesi, akisema: sisi hatuna haja na dunia hii, makao yetu yako mbinguni. Hilo nalo laweza kuwa neno la mpangaji mvivu. Mungu alipomweka mtu bustanini, alimwambia ailime na kuitunza. Anayengoja mbingu ya Mungu, na anayengoja Mirihi ya matajiri, wote wawili wataulizwa juu ya mto walioutia uchafu wakati wa kungoja.

HUKUMU YETU

Basi tuseme kwa kifupi. Pale Blue Dot ni kitabu cha mtu mwenye macho makali na moyo mwema. Katika kutuonyesha udogo wetu, hakuna aliyempita. Katika kueleza hatari ya mawe ya angani, alisema kweli mapema, na miaka iliyofuata imemshuhudia. Katika sura ya Camarina alionyesha hekima ya mzee: dawa yaweza kuwa sumu mkononi mwa mwovu. Lakini alipotaka kututia tumaini, alilitafuta mbali mno, mahali ambapo wengi wetu hawatafika. Asomaye Kiingereza na akisome. Kurasa za kwanza azisome mara mbili. Zile za mwisho azisome kama ndoto ya mtu mwema, si kama amri.

Tena liko jambo la kufanya. Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, siku kumi na mbili baada ya Pasaka, jiwe liitwalo Apophis, lenye upana wa meta 340 hivi, litapita mbali na ardhi kilomita 32,000 tu, karibu kuliko setilaiti nyingi za televisheni. Katika Afrika, mawingu yakiruhusu, watu wataliona kwa macho matupu kama nyota itembeayo polepole. Halitatugonga. Wataalamu walilipima sana, na mwaka 2021 walisema kwamba kwa miaka mia moja halina hatari kwetu.

Lakini usiku ule wako watakaouza hofu, na watakaodai sadaka ili jiwe lipite kando. Walimu na makatekista wasingoje mpaka siku ile. Waanze kuwaeleza watu sasa: jiwe ni nini, njia yake ilipimwaje, na kwa nini haliji juu yetu. Kisha watoto watolewe nje walitazame. Ajuaye kitu kinachopita juu ya nyumba yake haogopi bure, wala haitupi nyumba.